Neno Lijulikanalo Ndilo Lidanganyalo: Uhakiki wa Maneno ya Kale katika Biblia ya Kiingereza ya 1611

1. Utangulizi

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa bado katika mafunzo ya uchungaji, tuliagizwa kuhubiri katika mazishi ya mtoto. Usiku wa kuamkia siku ile tuliandaa mahubiri yetu juu ya 1 The. 4:13-18. Mezani palikuwa na Biblia ya Kiingereza iitwayo ya Mfalme James, kitabu tulichokithamini sana kwa kuwa tulipewa na mwalimu wetu. Katika aya ya 15 tulikutana na neno "prevent". Tulilijua neno hilo tangu shule: maana yake ni kuzuia. Basi kesho yake, mbele ya kaburi, tukawafundisha wafiwa kwamba sisi tulio hai hatutaweza kuwazuia waliolala wasifufuke, wala hakuna mwanadamu awezaye kufanya hivyo.

Baada ya ibada bibi wa marehemu alitujia. Akasema, "Mwanangu mwalimu, nimekusikiliza. Lakini ni nani aliyekuwa akitaka kumzuia mjukuu wangu?" Hatukuwa na jibu. Naye hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kwa sababu alikuja kutafuta faraja, na maneno tuliyompa hayakuwa jibu la swali lililomliza.

Jibu lilikuwamo mikononi mwake mwenyewe. Biblia yake ya Kiswahili, ile tafsiri ya Union ya mwaka 1952, hutumia hapo kitenzi "kutangulia". Wathesalonike waliogopa kwamba wapendwa wao waliokufa kabla ya kuja kwake Bwana wataachwa nyuma. Paulo anawaambia kwamba walio hai hawatatangulia mbele ya wafu. Mtoto yule hataachwa nyuma; hilo ndilo neno alilohitaji bibi yule, na sisi tulilipita kwa sababu tulidhani tunajua Kiingereza.

Makala hii yakusudia kuhakiki maneno ya namna hiyo. Hatuandiki ili kuidharau tafsiri ya 1611, wala kuwazuia wanafunzi wasiisome. Twaandika kwa kuwa tafsiri hiyo bado imo katika maktaba zetu na sasa hata katika simu za wanafunzi wetu, na kwa kuwa makosa yatokanayo nayo huishia katika masikio ya washarika.

2. Haki ya kazi ya 1611

Mhakiki mwema huanza kwa kutenda haki. Tafsiri hii iliamuliwa katika mkutano wa Hampton Court mwaka 1604, ikafanywa na wataalamu wapatao 47 waliogawanywa katika vikundi, ikachapishwa mwaka 1611. Wengi wao walikuwa mabingwa wa Kiebrania na Kiyunani. Nyuma yao alisimama William Tyndale, aliyechapisha Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1526 katika mji wa Worms na kuuawa mwaka 1536. Sehemu kubwa ya maneno ya 1611 katika Agano Jipya ni maneno ya Tyndale, ama yalivyo, ama yakiwa yamerekebishwa kidogo.

Kwa hiyo, tukisema kwamba "prevent" linapotosha, hatusemi kwamba wafasiri walikosea. Neno hilo latoka katika Kilatini, kitenzi chenye maana ya kuja mbele au kutangulia, na hiyo ndiyo maana waliyoikusudia. Lilikuwa tafsiri sahihi ya kitenzi cha Kiyunani "phthano". Lugha ndiyo iliyosafiri, kitabu kikabaki mahali pake. Zimepita zaidi ya karne nne. Hata wakaguzi wa Kiingereza waliotoa tafsiri iliyorekebishwa ya Agano Jipya mwaka 1881 waliona haja ya kulibadili neno hilo, wakaweka lingine lenye maana ya kutangulia ambalo watu wa wakati wao walilielewa.

Kosa basi ni letu sisi wasomaji. Lakini kosa hilo lina utaratibu wake, na utaratibu huo waweza kuchunguzwa.

3. Aina tatu za maneno ya kale

Aina ya kwanza ni maneno mageni kabisa. Katika Isa. 14:23 kuna "besom", yaani fagio. Katika Zab. 4:2 kuna "leasing", yaani uongo. Katika Mt. 26:73 kuna "bewray", yaani kufichua au kudhihirisha. Mwanafunzi akikutana na maneno haya husimama. Hayajui, na anajua kwamba hayajui. Atafungua kamusi au atamwuliza mwalimu. Maneno ya aina hii humchosha msomaji, lakini hayamdanganyi.

Aina ya pili ni maneno yajulikanayo ambayo yamegeuka maana, lakini kugeuka kwake hujitangaza penyewe. Katika 1 Sam. 8:12 Samweli anawaonya watu kwamba mfalme atawachukua wana wao kwa kazi ambayo kwa Kiingereza cha 1611 huitwa "ear". Kila mtoto wa shule ajua kwamba neno hilo ni sikio. Lakini sikio halina maana pale, kwa hiyo msomaji hushtuka. Kwa kweli hili ni neno jingine kabisa, kitenzi cha kale chenye maana ya kulima, kilichofanana tu na sikio kwa sauti. Vivyo hivyo katika Law. 2 sadaka inaitwa ya "meat", neno ambalo leo ni nyama; lakini sura nzima yazungumzia unga, mafuta na ubani, wala hakuna mnyama. Zamani neno hilo lilimaanisha chakula chochote. Biblia yetu ya Kiswahili husema wazi: sadaka ya unga.

Aina ya tatu ndiyo ya hatari. Haya ni maneno yajulikanayo, yaliyogeuka maana, na ambayo maana yake mpya huingia katika sentensi bila kugonga mlango. Msomaji hasimami. Sentensi yampa maana, nayo ni maana nzuri, hata ya kiroho, ila si maana ya Mtume. C. S. Lewis, katika kitabu chake juu ya historia ya maneno kilichotoka mwaka 1960, alionya juu ya jambo hili hili: maana tuliyoizoea leo ndiyo itupotoshayo katika kitabu cha kale, kwa sababu huja akilini yenyewe bila kuitwa. Wahenga wetu walikwisha kusema: kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa ndipo tunapovilaumu baadhi ya vitabu na orodha za maneno ya kale wanazopewa wanafunzi. Nyingi hujaa maneno ya aina ya kwanza. Humweleza msomaji fagio na uongo, mambo ambayo angeyauliza mwenyewe, na hupita haraka juu ya yale ambayo hatayauliza kamwe.

4. Maneno yanayogeuza mafundisho

Tuchukue mifano michache, tukianza na neno "let". Leo ni kuruhusu. Katika Rum. 1:13, Isa. 43:13 na 2 The. 2:7 ni kuzuia, yaani kinyume chake kabisa. Palikuwa na vitenzi viwili tofauti katika Kiingereza cha kale, kimoja cha kuacha na kingine cha kuchelewesha; sauti zao zikakutana, na kile cha pili kikafa. Masalio yake yamo katika lugha ya sheria na katika maneno ya pasipoti za Uingereza. Sasa fikirini mhubiri anayefafanua 2 The. 2:7, mahali pagumu hata kwa wataalamu, akidhani kwamba yupo anayeiruhusu siri ya uasi ilhali Paulo asema yupo anayeizuia. Ataweza kujenga fundisho zima la nyakati za mwisho juu ya neno lililokufa.

La pili ni "thought" katika Mt. 6:25-34, pamoja na mwenzake "careful" katika Flp. 4:6. Leo la kwanza ni fikira na la pili ni uangalifu. Tumesikia ikihubiriwa kwamba Bwana alikataza kufikiria kesho, na kwamba Mkristo wa kweli hapangi, haweki akiba wala hanunui mbegu kabla ya mvua. Lakini mwaka 1611 "thought" lingeweza kumaanisha wasiwasi mzito, ule unaokula moyo, na "careful" lilimaanisha mtu aliyejaa wasiwasi huo. Kiyunani kina kitenzi kimoja katika sehemu zote mbili, "merimnao", nacho ni kusumbuka. Tafsiri ya Union imesema hivyo hivyo: kusumbukia, kujisumbua. Mkulima anayeweka akiba hamkosei Bwana. Anayekosa usingizi kwa kuihesabu akiba hiyo ndiye Bwana anayemhurumia na kumwonya.

La tatu ni "conversation". Leo ni mazungumzo. Katika 1 Pet. 3:1 wake wanaambiwa kwamba waume wasioamini watavutwa kwa "conversation" yao, na tumesikia mahubiri ya arusi yaliyomfundisha bibi arusi namna ya kuzungumza na mumewe. Mtume asema kinyume: watavutwa pasipo neno, kwa mwenendo. Neno la Kiyunani ni "anastrophe", mwenendo wa maisha. Ajabu zaidi ni Flp. 3:20, ambapo neno lile lile la Kiingereza lafasiri "politeuma", yaani uraia. Kwa kufuata Kiingereza cha leo, mazungumzo yetu yako mbinguni. Kwa kufuata Paulo, wenyeji wetu uko huko. Tofauti hii si ndogo kwa mtu aliyeikimbia nchi yake na hana uraia popote.

La nne ni "peculiar" katika Tit. 2:14 na 1 Pet. 2:9. Leo ni kitu cha ajabu, kisicho cha kawaida. Wako wahubiri waliolishika neno hili wakafundisha kwamba Wakristo hawana budi kuwa watu wa ajabu: mavazi ya ajabu, salamu za ajabu, kujitenga na majirani. Asili ya neno ni Kilatini "peculium", mali ya mtu binafsi, nalo latokana na neno la mifugo, kwa kuwa mali ya kale ilikuwa mifugo. Wafugaji wetu hawahitaji kuelezwa zaidi. Ng'ombe mwenye alama ya bwana wake hajitofautishi kwa kucheza; anatambulikana kwa kuwa ana mwenyewe. Petro asema sisi ni watu wa milki ya Mungu. Na Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza sehemu ya pili ya Imani, anaweka hapo shabaha ya ukombozi wote: kwamba niwe mali yake Kristo. Kanisa linaloamini kwamba limeitwa kuwa la ajabu litajitazama lenyewe siku zote. Kanisa linalojua kwamba lina mwenyewe litamtazama yeye.

5. Neno "charity" na lawama ya haki

Tumesema kwamba kosa ni letu wasomaji. Hata hivyo kuna mahali ambapo lawama kidogo yawaangukia wafasiri wa 1611, napo ni 1 Kor. 13. Tyndale alikuwa ametumia neno la kawaida la upendo, "love". Mwaka 1529 Thomas More alimshambulia kwa neno hilo na kwa mengine, kama vile kuliita kanisa mkutano wa waumini. Ugomvi ule haukuwa wa kamusi tu. Ulikuwa ugomvi wa mafundisho, nani ana mamlaka na wokovu huja kwa njia gani. Mfalme James naye aliagiza kwamba maneno ya zamani ya kikanisa yahifadhiwe. Katika 1 Kor. 13 wafasiri walirudi kwenye "charity", neno lifuatalo Kilatini, ingawa kwingineko, kama katika 1 Yoh. 4, walilifasiri neno lile lile la Kiyunani, "agape", kwa "love".

Mwaka 1611 "charity" bado liliweza kubeba maana ya upendo wa Kikristo. Leo ni sadaka kwa maskini, au chama kinachotoa misaada. Tazameni basi linavyoipindua aya ya 3. Paulo asema kwamba mtu aweza kutoa mali zake zote kuwalisha maskini na bado asiwe na "agape". Kwa maana ya leo, anaambiwa kwamba ametoa misaada yote lakini hana misaada. Msomaji huchanganyikiwa au, vibaya zaidi, hupita bila kuona. Sisi tuliozoea kupokea na kugawa misaada katika sharika zetu twahitaji kuisikia aya ile kwa makali yake. Neno la Tyndale lilikuwa bora, na tafsiri ya 1881 ililirudisha.

6. Wewe na ninyi

Lipo jambo moja ambalo Kiingereza cha 1611 kinakishinda Kiingereza cha leo. Wengi hudhani kwamba "thou" ni neno la heshima, la kumwita Mungu peke yake. Sivyo. Lilikuwa neno la mtu mmoja, kama wewe. Nalo "ye" lilikuwa la wengi, kama ninyi. Hata Shetani katika Mt. 4:10 anaambiwa kwa umoja. Kiingereza cha sasa kimelipoteza tofauti hiyo. Neno moja hutumika kwa mmoja na kwa wengi.

Hasara yake yaonekana katika Lk. 22:31-32. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka wote, kwa wingi, awapepete. Kisha asema amemwombea yeye, kwa umoja. Mmoja anaombewa ili awaimarishe ndugu zake. Katika Kiingereza cha leo yote mawili yaonekana kumhusu Petro peke yake. Vivyo hivyo katika Yoh. 3:7 Nikodemo anaambiwa peke yake jambo linalowapasa wote. Na katika 1 Kor. 3:16 hekalu ni ninyi, ushirika mzima, wala si kila mtu na mwili wake kando.

Msomaji wa Kiswahili anayo haya yote bila kujifunza Kiyunani. Sarufi yetu yenyewe imeyatunza. Ni jambo la kusikitisha kumwona mwanafunzi akiiacha Biblia iliyomwonyesha tofauti hiyo, akaenda kuitafuta maana katika Kiingereza kilichokwisha kuipoteza.

7. Boriti katika jicho letu

Lakini tusijivune. Biblia yetu nayo inazeeka. Vijana wa Kipaimara hawajui tena "pishi" na "kiango" vya Mt. 5:15. Kitenzi "kutindika" katika Lk. 22:32, yaani kupungukiwa au kukatika, hakisikiki tena kwa wengi wao. Maneno haya ni ya aina ya kwanza; mtoto atauliza, nasi tutamjibu.

Tuyaogope zaidi yale ya aina ya tatu. Chukueni Lk. 18:1-8. Tafsiri ya Union yamwita yule mwamuzi dhalimu "kadhi". Neno hilo la Kiarabu lamaanisha hakimu, na wafasiri walilitumia kwa maana hiyo pana. Leo, kwa wasikilizaji wetu wengi, kadhi ni mwamuzi wa mambo ya dini ya Kiislamu. Mtoto wa shule ya Jumapili husikia kwamba Yesu alisimulia habari za kadhi mwovu asiyemcha Mungu, na bila mtu yeyote kukusudia, amefundishwa kumdhania vibaya jirani yake. Hili si kosa la wafasiri, kama "prevent" lisivyo kosa la wale wa 1611. Litakuwa kosa letu tukilisoma madhabahuni bila neno la maelezo.

8. Hitimisho

Tunawapendekezea wanafunzi na wachungaji wenzetu mambo manne. Kwanza, mahubiri yaanze na Biblia ya lugha ambayo washarika wataisikia. Kiingereza kije baadaye kama mshauri. Pili, penye Kiyunani au Kiebrania, swali liulizwe huko, kwa kuwa Kiingereza nacho ni tafsiri kama Kiswahili kilivyo tafsiri. Tatu, anayetumia Biblia ya 1611 alishuku kwanza neno analolijua, na alitafute katika kamusi inayoonyesha historia ya maneno, kama ile kubwa ya Oxford iliyoanza kutolewa kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928. Nne, tafsiri mbili zikipingana, mhubiri asichague ile impendezayo kabla hajajua kwa nini zinapingana.

Luther, katika waraka wake juu ya kutafsiri wa mwaka 1530, alisema kwamba mfasiri hana budi kumwuliza mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni, akasikilize jinsi wanavyosema. Ushauri ule umezoeleka kunukuliwa kana kwamba wahusu wafasiri tu. Unamhusu mhubiri pia. Bibi yule kaburini hakujua Kiyunani wala Kilatini. Aliuliza swali moja tu, na swali lake lilikuwa uhakiki ulio bora kuliko mahubiri yetu.

Tulirudi nyumbani kwake wiki mbili baadaye. Tulifungua Biblia yake, tukasoma aya ya 15 kama ilivyo, polepole. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe hataachwa." Hatukuongeza neno.